Programu kuukuu katika seva: Mzuka uliomeza dola milioni 460 kwa dakika 45

ILIKUWA Jumatano, Agosti 1, 2012. Soko la Hisa la New York lilipofunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, saa za huko, kompyuta za kampuni ya Knight Capital zilianza kununua na kuuza hisa kwa kasi ambayo hakuna mtu yeyote katika kampuni hiyo aliyekuwa ameiamuru.

Knight, iliyokuwa na makao yake Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York, haikuwa kampuni ndogo. Takriban asilimia 10 ya biashara ya hisa zilizoorodheshwa nchini Marekani mwaka huo ilipitia mikononi mwake.

Kwa muda wa dakika 45, maagizo 212 ya wateja yaligeuka kuwa mamilioni ya maagizo. Biashara milioni 4 zilikamilika katika hisa za aina 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397. Mitambo ilipozuiwa hatimaye, kampuni ilijikuta imenunua hisa za dola bilioni 3.5 ambazo haikuzihitaji, na kuuza nyingine za dola bilioni 3.15 ambazo haikuwa nazo. Kujinasua humo kuliigharimu zaidi ya dola milioni 460.

Hapakuwa na mdukuzi. Hapakuwa na karani mwizi. Aliyefanya uharibifu huo ni kipande cha programu kuukuu ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imeacha kukitumia tangu 2003, lakini hakuna aliyekumbuka kukiondoa.

Kisa hiki hakina budi kusimuliwa kwa tuo, kwa kuwa kila ofisi yenye kompyuta, iwe benki, hospitali, shule au chama cha ushirika, ina programu za aina hiyo zilizojibanza mahali fulani.

Seva ya nane

Seva si kitu cha ajabu. Ni kompyuta kama ile iliyo mezani pako, ila hakuna mtu anayekaa mbele yake. Kazi yake ni kukesha usiku na mchana ikijibu maombi ya kompyuta na simu nyingine. Unaposoma ukurasa huu, kuna seva iliyokuletea. Unapouliza salio la benki kwa simu, kuna seva inayokujibu.

Knight ilikuwa na seva nane zilizofanya kazi moja: kupokea agizo kubwa la mteja na kuligawa katika maagizo madogo madogo yanayopelekwa sokoni. Ndani ya seva hizo mlikuwamo sehemu iliyoitwa Power Peg, ndiyo ile iliyostaafishwa 2003 bila kufutwa.

Mwaka wa 2005 mafundi walihamisha kihesabio, yaani ile sehemu iliyokuwa ikijumlisha hisa zilizokwisha kupatikana ili programu ijue wakati wa kuacha. Walikipeleka mahali pengine katika programu, wala hawakuijaribu Power Peg baada ya hapo. Kwa nini waijaribu, ilhali ilikuwa haitumiki? Tangu siku hiyo Power Peg ikawa kama mtumishi anayetumwa dukani kununua kilo 2 za sukari huku yule aliyekuwa akimhesabia ameondoka. Atanunua, atanunua tena, na hataacha hadi mtu amshike mkono.

Ikafika 2012. Soko la Hisa la New York lilikuwa linaanzisha mpango mpya wa kuhudumia wawekezaji wadogo, na Knight ikaandika programu mpya ili ishiriki. Programu hiyo ilihitaji alama ya kuitambulishia seva kwamba agizo fulani ni la mpango mpya. Badala ya kubuni alama mpya, waandishi walichukua ile ile iliyokuwa ikiiamsha Power Peg enzi zake. Nia yao ilikuwa kuifuta Power Peg, na mrithi achukue nafasi pamoja na alama yake.

Kuanzia Julai 27, programu mpya ilinakiliwa katika seva chache kwa siku. Saba zikaipata. Ya nane ikasahaulika. Hakuna fundi wa pili aliyetumwa kukagua kazi ya wa kwanza, wala hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kudai ukaguzi huo.

Basi asubuhi ile ya Agosti, agizo lenye alama lilipofika katika seva saba, lilieleweka kama lilivyokusudiwa. Lilipofika katika ya nane, lilisomwa kwa lugha ya 2003.

Yaliyofuata yanasikitisha zaidi. Katika hali ya taharuki, mafundi walidhani mkosaji ni programu mpya. Wakaiondoa katika zile seva saba zilizokuwa zikifanya kazi sawasawa. Kwa kufanya hivyo waliirudisha ile ya kale, na sasa Power Peg ikawa inapokea maagizo katika seva zote nane.

Siku tano baadaye, wawekezaji waliiokoa Knight kwa dola milioni 400. Mwaka uliofuata iliungana na kampuni ya Getco, na jina lake likaishia hapo. SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, iliitoza faini ya dola milioni 12 mnamo Oktoba 2013. Maelezo mengi ya kisa hiki yanajulikana kutokana na uchunguzi wa tume hiyo.

Kwa nini hazifutwi

Msomaji atauliza: kama programu haitumiki, kinachozuia isifutwe ni nini?

Jibu la kwanza ni hofu. Fundi anajua kwamba akiacha kitu kuukuu mahali kilipo, hakuna atakayemlaumu leo. Akikifuta, kisha mishahara ikose kutoka, lawama zote zitamwangukia yeye. Kati ya kazi isiyoonekana na lawama inayoonekana, wengi huchagua kukaa kimya.

Jibu la pili ni kwamba aliyeiweka aliondoka. Alipata kazi kwingine, akaacha folda yenye jina la ajabu na hakuandika lolote. Anayemrithi huikuta kama mtu anavyokuta shina la mti katika shamba alilonunua, hulizunguka anapolima.

Sisi wa magazeti hatuna haki ya kuwacheka mafundi hao. Katika chumba kimoja cha habari nilichofanyia kazi miaka ya nyuma, kurasa zilihifadhiwa kwa majina kama MWISHO, MWISHO KABISA na MWISHO KABISA 2. Usiku mmoja iliyopelekwa mtamboni ilikuwa MWISHO, na wasomaji wakaamkia kichwa cha habari tulichokuwa tumekibadilisha saa tatu kabla ya mtambo kuwashwa. Faili zile mbili za zamani hazikuwa na kazi yoyote pale isipokuwa kungojea mkono uliochoka.

Jibu la tatu ni kwamba hata mifumo yenyewe hurundika. Katika mifumo ya jamii ya Linux, ambayo huendesha sehemu kubwa ya seva duniani, kiini cha mfumo kinaposasishwa, kipya huwekwa kando ya kile cha zamani badala ya kukifuta. Ni busara: kipya kikikataa kuwaka, mashine itawashwa kwa cha zamani. Lakini sasisho likifuata sasisho bila mtu kusafisha, ile sehemu ndogo ya diski inayohifadhi vitu vya kuwashia mashine hujaa, na sasisho linalofuata, huenda lile la kuziba tundu la usalama, hushindwa kuingia. Hapo cha kale huwa kimemfungia mlango kipya.

Kurasa za urithi

Knight iliponzwa na programu yake yenyewe. Kuna wanaoponzwa na za wengine.

Mwaka wa 2009, TalkTalk, kampuni ya simu na intaneti ya Uingereza, ilinunua biashara ya Tiscali nchini humo. Pamoja na wateja, ilirithi seva na kurasa za wavuti. Baadhi ya kurasa hizo ziliendelea kufikiwa kupitia intaneti, zikiwa zimeunganishwa na hifadhidata ya wateja, bila TalkTalk kujua kwamba zipo. Programu ya hifadhidata iliyokuwa nyuma yake ilikuwa toleo la zamani lenye kasoro ambayo dawa yake ilikuwa imetolewa zaidi ya miaka mitatu na nusu kabla.

Mnamo Oktoba 2015 wadukuzi walizipata kurasa hizo. Walichukua habari za wateja 156,959, na kwa wateja 15,656 kati yao, nambari za akaunti za benki pia zilichukuliwa. Mwaka mmoja baadaye, afisi ya kamishna wa habari wa Uingereza iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 400,000.

Mbinu iliyotumika haikuwa ngeni wala ya kitaalamu sana. Mdukuzi huandika amri ya hifadhidata mahali ambapo mteja angeandika jina lake, na ukurasa uliotengenezwa ovyo huipitisha. Kinga yake ilikuwa ikijulikana kwa miaka mingi. Lakini nani ataukinga ukurasa asiojua kama upo?

Humu nchini, tangu Sheria ya Kulinda Data ianze kutumika Novemba 2019, suala hili si la mafundi peke yao. Sheria hiyo inakataza kuweka habari za watu binafsi kwa muda unaozidi unaohitajika, na habari hizo zikivuja katika hali inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data hana budi kuarifiwa katika muda wa saa 72. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kutegemea kilicho kidogo. Nakala ya tovuti ya zamani iliyoachwa katika folda ya kando, pamoja na orodha ya wateja wa miaka kumi iliyopita, inaweza kumfikisha mkurugenzi huko.

Lililofutwa lakini bado hai

Kuna jambo ambalo hata mafundi hodari hulisahau. Programu ina makazi mawili: diskini, inakohifadhiwa, na katika kumbukumbu ya mashine, inakotendea kazi. Kubadilisha nakala ya diskini hakubadilishi ile inayoendelea kufanya kazi.

Mnamo Aprili 2014 dunia iliarifiwa kuhusu Heartbleed, kasoro katika programu ya OpenSSL inayotumiwa na seva nyingi kuficha mawasiliano yasisomwe na wengine. Mafundi wengi walikesha wakiweka toleo jipya. Lakini huduma yoyote ambayo haikuzimwa na kuwashwa upya iliendelea kutumia toleo bovu lililokuwa tayari limo katika kumbukumbu. Fundi aliyeangalia diski peke yake aliona toleo salama na kwenda kulala, huku mlango ukiwa bado wazi.

Hali kadhalika, katika Linux mtu anaweza kufuta faili la gigabaiti kadhaa kisha ashangae kuona diski bado imejaa. Iwapo kuna programu iliyoshikilia faili hilo, nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo iliachilie.

Kisha kuna nakala zilizo ndani ya nakala. Desemba 2021 ilipotangazwa kasoro kubwa katika Log4j, kipande kinachosaidia programu za Java kuandika kumbukumbu za matukio, taabu haikuwa kupata dawa. Dawa ilitolewa haraka. Taabu ilikuwa kujua Log4j imo wapi, kwa kuwa kila programu ilikuja na nakala yake, iliyofungwa ndani ya kifurushi, na pengine kifurushi hicho ndani ya kingine. Seva moja iliweza kuwa na matoleo manne tofauti, na kufuta moja hakukuyagusa mengine.

Kuzima kabla ya kufuta

Usafi wenyewe basi hufanywaje?

Kazi kubwa hufanyika kabla ya chochote kufutwa. Ni kuhesabu: programu gani zimo, za toleo gani, nani anazitumia, na mara ya mwisho kuitwa ilikuwa lini. Seva nyingi huandika kumbukumbu za kila ombi linalofika, na humo ndimo mwa kutafuta. Hata hivyo, kumbukumbu za wiki moja hazitoshi. Kuna programu zinazoamka mwisho wa mwezi tu. Nyingine huamka mara moja kwa mwaka, mathalani ile inayotoa fomu za P9 kwa wafanyakazi wanaotayarisha ripoti za kodi kabla ya Juni 30. Anayeifuta mwezi wa Agosti kwa sababu imekaa kimya wiki tatu atasikia kilio mwaka unaofuata, na pengine atakuwa amekwisha kusahau alichofanya.

Orodha ikiwa tayari, kila kitu kipewe mwenyewe kwa jina. Kisicho na mwenyewe ndicho cha kuanzia.

Hatua inayofuata ni kuzima bila kufuta. Huduma isimamishwe, au mlango wake wa mtandao ufungwe, kisha watu wangoje. Kama kuna anayeitumia, atapiga simu, na kuiwasha tena ni kazi ya dakika moja. Muda wa kungoja hutegemea shughuli za ofisi. Binafsi ningeona ni afadhali kuvuka angaa mwisho wa miezi miwili, na kwa programu za hesabu, mwisho wa mwaka wa fedha.

Wakati huo huo nakala ya akiba iwekwe nje ya seva hiyo, na ijaribiwe kama inaweza kurejeshwa. Wapo wanaodhani kuihamishia folda nyingine katika seva ile ile ni kuihifadhi. Ikiwa folda hiyo inafikiwa kutoka intaneti, watakuwa wameihamisha hatari kutoka sebuleni hadi barazani.

Kufuta kwenyewe kufanywe kwa chombo kile kile kilichotumika kuweka. Programu iliyowekwa na msimamizi wa vifurushi wa mfumo iondolewe na huyo huyo, kwa kuwa ndiye mwenye orodha ya faili zake zote. Katika Debian na Ubuntu, kuondoa kwa kawaida huacha faili za mipangilio nyuma. Lazima aombwe waziwazi afute kila kitu. Yale yaliyonakiliwa kwa mkono ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa hakuna orodha inayoyajua.

Wala programu haiishi peke yake. Ina akaunti ya mtumiaji, neno la siri la hifadhidata, kazi zilizopangiwa saa, tundu katika ukuta wa usalama, na huenda jina lake katika anwani za tovuti. Nimeona maelezo mengi ya usafi yanayoishia kwenye faili, na hayataji neno la siri ambalo bado linafungua hifadhidata nzima. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa kuliko diski iliyojaa.

Mwisho, mashine izimwe na kuwashwa upya saa ambayo watu wamelala, huku fundi akiitazama. Seva iliyokaa mwaka mzima bila kuzimwa haijulikani itaamka na nini.

Je, ibakie ngapi? Si sifuri. Ubuntu, inaposafisha viini vyake vya mfumo, hubakiza kinachotumika na kilichokitangulia. Mifumo ya jamii ya Red Hat kwa kawaida hubakiza vitatu. Capistrano, chombo kinachotumiwa na watengenezaji wa tovuti kupeleka matoleo mapya, huweka kila toleo katika folda yenye tarehe yake, hukielekeza kiungo kimoja kwenye lililo kazini, na kubakiza matano ya karibuni. La maana ni kwamba idadi imewekwa kabla, na mashine ndiyo inayofuta. Binadamu akiachiwa kazi hii ataiahirisha.

Zipo programu kuukuu ambazo haziwezi kufutwa. Sheria ya taratibu za kodi ya 2015 inawataka walipa kodi wahifadhi rekodi zao kwa miaka mitano, na kuna vitabu vya hesabu visivyosomeka ila kwa programu iliyoviandika. Katika hali hiyo kilicho bora ni kuzihamisha rekodi ziwe katika muundo unaosomeka kokote. Ikishindikana, programu hiyo iwekwe katika mashine isiyounganishwa na mtandao, ifunguliwe tu inapohitajika, na tarehe ya kuiondoa iandikwe ukutani.

Na hata ikiisha kustaafishwa, programu ya kale ingefaa ipige kelele inapoitwa kimakosa, na kuwe na mtu ambaye kazi yake ni kuisikia. Ya Knight ilipiga. Kuanzia mwendo wa saa mbili asubuhi Agosti 1, saa moja na nusu kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wa kampuni hiyo uliwatumia wafanyakazi barua pepe 97 zilizotaja hitilafu na kusema kwamba Power Peg imezimwa. Hazikuwa zimetengwa kama tahadhari. Ziliingia katika sanduku pamoja na barua nyingine za asubuhi, na hakuna aliyezifanyia kazi.